Nilichimba Ngolo Ndani ya Tangi la Samaki

Kosa ni langu, wala simsingizii mtu tena. Miaka imepita, lakini nikipita penye maji yaliyooza nageuka upande na kutema mate.

Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa Mbinga, na kila mwenye vijisenti anataka kitu cha kuringia sebuleni. Mimi nikaweka tangi la kioo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mvuvi wa Lundo kule ziwani, akaniletea mbuna, wale samaki wadogo wa miambani, wa buluu na njano. Aliwazamia mwenyewe. Mnunuzi wa samaki wa mapambo angekuja kuwaona kwangu, na akiridhika, shemeji angepata kazi ya kudumu.

Nilitaka na majani yaote humo ndani. Shemeji akanielekeza vizuri tu.

"Shemeji, udongo uchekeche, toa nyasi na mizizi yote. Weka kidogo, halafu funika na mchanga. Samaki wasubiri mpaka maji yatulie."

Nikamcheka. "Ninyi watu wa ziwani mnajua udongo?"

Mimi Mmatengo bwana! Babu zangu wamelima ngolo, yale mashimo ya milimani: unalaza nyasi, unazifukia kwa udongo, zinaoza, mahindi yananawiri. Basi nikajenga ngolo ndani ya tangi. Nyasi mbichi, udongo mnene, na samadi kwa kunogesha. Mchanga sikuweka. Samaki nikawatia siku hiyohiyo.

Maji yakawa rangi ya chai, yakafanya utando juu. Mbuna wakawa wanahema, midomo nje ya maji. Nikadhani wana njaa, nikawamwagia pumba. Mjinga mimi!

Nikachokonoa udongo kwa kijiti. Mapovu yakapanda na harufu ya yai viza ikanijaa kooni. Chini kulikuwa kweusi, kunateleza kama kamasi. Kesho yake wote walielea, matumbo yamevimba, macho meupe. Niliwatoa kwa mkono, na ngozi zao zikabaki vidoleni mwangu.

Sijamaliza kunawa, shemeji akaingia na mnunuzi. Mgeni aliziba pua mlangoni, akauliza kumetokea nini. Hapo ndipo ninapojichukia kuliko ile harufu.

"Waliletwa wagonjwa," nikasema.

Shemeji hakubisha. Mimi ni mume wa dada yake. Mnunuzi akaenda kutafuta mzamiaji mwingine, na shemeji akabaki kulibeba tangi langu nje na kulisugua.

Ndugu msomaji, ukitaka majani kwenye tangi, usifukie nyasi wala samadi chini ya maji. Huko hakuna hewa, kinachooza kinageuka sumu. Na ukikosea, sema palepale, hata mgeni akiwa ameziba pua.

Mke wangu mpaka leo anaamini kaka yake alituletea samaki wagonjwa. Ukurasa huu wa gazeti huwa anausoma kila wiki.