Shamba Lisilofagiliwa

Baba yangu alilima shamba kama watu wanavyofagia ua. Kila mwaka kabla ya mvua aliyakusanya mabua ya mtama, akayachoma, akapiga matuta yaliyoteremka moja kwa moja hadi kijitoni. Kwetu Chinongwe shamba lenye mabua lilikuwa shamba la mvivu, na baba aliogopa kuitwa mvivu kuliko alivyoogopa simba.

Shamba hilo lilikuwa juu tu ya mahali petu pa kuchotea maji. Mvua ikishuka, udongo uliteremka nayo. Tuliyachuja maji kwa kaniki, tukayaacha yatuame, na bado ugali ulikwaruza meno.

Mwaka mmoja katika ile miaka ya hamsini nilikuwa na mimba ya kwanza. Bibi yangu akatangaza kwamba mtoto huyo hataogeshwa kwa tope. Kisima chenye maji safi kilikuwa nyuma ya kilima, na wa kwenda huko na tumbo lile nilikuwa mimi.

Bwana shamba alikuja kwa baiskeli kutoka Nachingwea. Akasema mabua yaachwe shambani yashike udongo, na matuta yakate mteremko. Watu wakaitikia, "Ndiyo, bwana," wakampa kuku. Mume wangu, aliyehamia kwetu kama ilivyokuwa desturi, hakuthubutu kumfundisha mkwewe kulima. Mimi nilithubutu, nikaambiwa mimba inanipandisha hasira. Ilikuwa kweli, lakini maji nayo yalikuwa machafu kweli.

Nikamwendea mtani wa ukoo wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Siku iliyofuata mvua iliwahi, ikanyesha asubuhi kabla baba hajamaliza kuchoma mabua. Mchana, baba akila na wenzake barazani, mtani akafika na bakuli la maji mekundu, akapiga magoti kwa adabu zote.

"Pokea shamba lako, mtani. Nimelikuta kijitoni linakwenda baharini bila kuaga."

Mzee mmoja alipaliwa na ugali kwa kucheka. Baba naye ikambidi acheke. Kisha akachovya kidole katika lile bakuli, akausugua udongo.

"Basi nirudishie," akasema.

"Lizuie mwenyewe! Mabua yaliyobaki yaache yalale, na matuta uyapitishe hivi." Akachora mchangani kwa kidole.

"Watu wataniita mvivu."

"Wa kwanza nitakuwa mimi."

Akatimiza ahadi. Msimu mzima alipita njiani akipaza sauti, "Mvivu, umeamka?" huku baba akipanda katikati ya mabua, uso umemwiva kwa aibu. Mvua kubwa zilipokuja niliteremka na mtungi wangu. Nikaingia majini, nikaviona vidole vya miguu yangu. Nilipiga kigelegele peke yangu pale, na tumbo langu lote.

Binti yangu alizaliwa asubuhi ya jua. Bibi aliposema maji ya kumwogeshea yaletwe, baba alinyakua mtungi kabla ya mtu mwingine. Kwetu mwanamume hakuwa akichota maji, na mtani alimkuta njiani akirudi, mtungi kichwani, akipita katikati ya mabua yake.

"Jamani, mvivu leo kawa mwanamke!"

Baba, ambaye hakuwahi kushindwa kumjibu mtani, alinyamaza kimya. Aliogopa kuyamwaga.