Kofia ya Picha

Manesi walimpachika jina la Mama Fuvu tangu aliporudi masomoni, maana hatoki nyumbani bila fuvu la plastiki mkobani. Alikuwa tayari daktari wa upasuaji, akaenda kujinoa zaidi kwenye vichwa na nyuso za watoto, akarudi na hamu ya kazi. Alichokikuta kilimtia kinyaa.

Kila kambi ya upasuaji, mkuu wake, Profesa, aliwachagua watoto wenye mdomo wa sungura peke yao. Mdomo unashoneka upesi, na picha zake za kabla na baada zinawakosha wafadhili. Kichwa kinakula siku nzima ya thieta, na pichani hakina mvuto.

Safari hii aliletwa tena mtoto ambaye mifupa ya kichwa chake iliungana kabla ya wakati. Ubongo ulikuwa unakua na nafasi hakuna. Mama Fuvu alitoa fuvu lake mkobani, akalitua mezani kwa Profesa.

"Presha ikibana hapa, mishipa ya macho inakufa. Nipe chumba kesho, Prof."

"Kambi ijayo, dada yangu."

"Kambi iliyopita ulisema hivyohivyo!"

"Na wewe una kiherehere," Profesa akacheka, akaendelea kunywa chai yake.

Kambi ikaisha. Wakakusanywa kwa picha ya pamoja, watoto na nyuzi zao mbichi midomoni, wafadhili mstari wa nyuma. Profesa akamwona yule mtoto akiwa mgongoni kwa mama yake.

"Mvalishe kofia, mama, uje naye hapa mbele. Ana uso mzuri."

Mama wa watu akadhani mwanawe amekubaliwa. Akamvalisha mbiombio, huku akishukuru. Mama Fuvu aliyaona yote. Kichwa wamekikataa, uso wanautaka!

Akapenya katikati ya watu, akampokea mtoto ili amvue ile kofia. Mpiga picha hakungoja. Mwanga mkali ukawapiga usoni kwa karibu, watoto wakafumba macho, mmoja akaangua kilio.

Wa kofia hakupepesa. Alikuwa anatabasamu, uso umeelekea kwenye sauti ya mama yake. Mama Fuvu akapunga mkono mbele ya macho yale, mara ya kwanza, mara ya pili. Hayakuufuata.

"Rudia hiyo," Profesa akamwambia mpiga picha. "Nilifumba macho."