Zoezi la Kudhibiti Ndege Waharibifu

Zoezi la Kudhibiti Ndege Waharibifu lilifanyika juzi Makadara, mbele ya karai la mama muuza bajia. Kunguru walikuwa wakimwibia tangu asubuhi. Afisa wa serikali aliyetumwa kuwaua alikuja na bunduki ya kuwindia kutoka Ulaya, ndani ya mfuko mrefu wa ngozi.

“Hii, mama, haijui kukosa,” alisema, akiupapasa mfuko kama anayebembeleza mtoto.

Alipofungua zipu tu, kunguru wote wakaruka. Akangoja, bunduki begani, mpaka chai aliyokaribishwa na mama ikapoa. Hakurudi hata mmoja.

“Washaijua, mwanangu,” mama akamwambia. “Wewe nenda nayo. Mimi niachie mfuko.”

Kweli bunduki haikukosa, maana haikufyatuliwa. Mfuko ulitundikwa kibandani, na bajia zote zikauzwa.