Kompyuta Iliyogoma Kwenye Nikaha ya Rehema

Bora jambo hili mlisikie kutoka kinywani mwangu, maana Kinondo nzima inalo na kila anayelisimulia analitia chumvi: mimi Salimu, ninayejiita fundi wa kompyuta, nilikwamisha nikaha ya binamu yangu Rehema mbele ya sheikh na wakwe waliotoka Ramisi, tena nikiwa najiamini kabisa.

Baba yake Rehema, mjomba wangu Hamisi, anaendesha lori Maskati, na bosi wake alikataa kumpa ruhusa ya kuja. Sheikh akasema si neno, atatoa idhini yake kwa mbali bora mashahidi wamsikie. Lakini mjomba alitaka pia kumwona binti yake siku hiyo, akaomba kazini mapumziko mafupi kabla ya magharibi. Nyanya, mama yake mjomba, akasema simu ya mkononi yatosha. Nikacheka (nilicheka, jamani, mbele ya mtu mzima!), nikasema hapana, nitaleta kompyuta na projekta, mjomba atokee ukutani barazani mkubwa kama mlango, watu wote wamwone, kisha niiingize kompyuta ndani kwa bibi harusi.

Sasa kosa lenyewe. Jana yake asubuhi nilikuwa najaribu mitambo sebuleni, na Nyanya kila akipita ananisumbua: "Salimu, mbona saa ya chombo chako imeharibika? Yasema kumi, nasi tuko saa nne." Nikamweleza, hakuelewa, akarudi tena na swali lile lile, mwisho ili nipate amani nikaingia kwenye mipangilio, nikairudisha saa nyuma ikasema kama tunavyosema sisi. Nyanya akaridhika, nami nikajiona mwerevu.

Siku ya siku, baada ya alasiri, baraza imejaa, bwana harusi anatoka jasho ndani ya joho, nikabonyeza kumpigia mjomba kwa kompyuta. Haiendi. Likatokea tangazo: saa ya kompyuta yako si sahihi. Nikatazama pembeni ya skrini, kumi na nusu. Nikamuuliza sheikh, "Sheikh, saa ngapi sasa?"

"Kumi na nusu, mwanangu."

Nikawageukia watu nikatangaza kwa sauti, "Mwaona? Kompyuta yasema uongo!" Nikalifunga lile tangazo nisilione tena.

Nikaona niingie kwenye mipangilio nikague mtandao. Programu ikafunguka, ikapepesa, ikajifunga yenyewe. Nikaifungua tena, ikajifunga. Nikazima kompyuta nikawasha, nikaingia kwa kipanya, nikaingia kwa vitufe, nikaingia kwa bismillahi, nayo inafunguka kidogo tu kisha inanifungia usoni, na yote hayo yanaonekana ukutani kwa ile projekta yangu, wakwe wa Ramisi wanatazama ninavyofukuzwa na mashine yangu mwenyewe. Hasira zilinipanda, nikatamani kuitupa kisimani.

Badala yake nikawarukia watu. "Ni simu zenu! Zanyonya mtandao wote. Zimeni, nyote!" Nikazima yangu kwanza kuwa mfano. Sheikh akazima, bwana harusi akazima, nikatuma amri ndani kwa wanawake, Rehema naye akazima. Nikafungua mipangilio. Ikajifunga.

"Kijana," sheikh akasema kwa upole, "wageni wana safari, na magharibi yaja. Kwani ni lazima tumwone?"

"Dakika moja tu, sheikh." (Nililisema hilo neno mara nyingi hata watu wa nyuma wakawa wanaliitikia pamoja nami.)

Ndipo tukasikia simu inalia ndani. Nyanya alikuwa hakuzima, baadaye alisema hawezi kuzima simu yake kwa sababu ya Salimu. Akatoka nayo barazani, kasimu kadogo ka vitufe, kameshaongezwa sauti, na sote tukamsikia mjomba akihema: "Mama! Kuna msiba? Kila ninayempigia hapatikani. Rehema yu hai?"

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Hakuna msiba, mwanangu," Nyanya akajibu. "Kuna Salimu."

Watu walivyocheka sitaki kuwaeleza. Lakini mjomba hakucheka. Mapumziko yake yalikuwa yamekwisha akihangaika kutupigia, keshaitwa arudi kwenye lori. Sheikh akaichukua simu, mashahidi wakasogea, na huku honi zinapigwa nyuma yake mjomba akasema, "Sheikh, nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu Rehema," akakata. Nikaha ikafungwa, vigelegele vikapigwa, na mimi bado nimeshika kipanya.

Nyumbani nikaipata saa kwa njia nyingine, kwenye ule ukurasa mweusi unaotokea kompyuta inapoanza kuwaka, nikairudisha palepale ilipokuwa kabla ya ujanja wangu. Mipangilio ikafunguka. Ikatulia, wala haikupepesa. Nikampigia mjomba kwa majaribio, ikaita vizuri tu, ila hakuwa na nafasi ya kupokea. Nilitukana (Mungu anisamehe), na wa kutukanwa nilikuwa mimi.

Asubuhi nikaenda kumwomba Rehema radhi. Nikamsimulia yote, hata habari ya saa, akacheka mpaka akajifuta machozi, nami nikadhani nimeokoka. Kisha akaniuliza, "Baba alikuwa amevaaje?"

Nikamwambia sijui, hakuna aliyemwona.

"Aliniambia atapita kwa kinyozi kwanza," akasema, "nisimwone mzee."

Tangu hapo nimeapa, harusi ya mtu yeyote mimi ni mgeni wa kula pilau, na mzazi akitaka kumwona mwanawe nitamshika mkono nimpeleke kwa yeyote mwenye simu, kisha nikae mbali.