Siku Fundi Simiyu Alipokatazwa Kushika Spana

Nicodemus Simiyu, fundi wa magari pale Kisumu, alikuwa na gari lake mwenyewe, na gari hilo lilikaa juu ya mawe miaka nenda miaka rudi. Ya watu yalitengenezwa, lake likangoja. Kuku walitaga ndani yake. Lakini binti yake Nelima, alipokuwa mdogo akichezea usukani, aliahidiwa na baba yake kwamba gari hilo ndilo litakalompeleka kanisani siku ya harusi yake. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Basi mwaka wa 1974 Nelima akachumbiwa na Ogola wa Awasi, na Simiyu akaliteremsha gari kutoka kwenye mawe, akalifufua. Ungemwona wiki hiyo, ungedhani anayefunga ndoa ni yeye.

Asubuhi ya harusi mkewe, Nabalayo, alimvika suti na kumwapisha.

"Baba Nelima, leo wewe ni mzazi. Si fundi. Spana usishike."

"Sishiki," akasema Simiyu, na kweli alikusudia.

Opiyo, mwenzake wa gereji, akashika usukani. Kando yake akaketi Nakhungu, dada yake Simiyu, aliyeamka alfajiri kuliosha gari na kulipamba. Alikuwa amefunga maua mekundu mbele ya gari, mengi hata uso wa gari haukuonekana. Simiyu, akiwa nyuma na mkewe na bibi harusi, nusura alie kwa furaha.

Hawajafika mbali, injini ikaanza kukohoa. Simiyu akafumba macho, akasikiliza, roho juu juu.

"Inatembea na miguu tatu, plagi moja imelala," akasema. "Opiyo, simama, lakini usizime. Shika kitambaa, chomoa waya za plagi moja moja. Ile utatoa na sauti haibadiliki, ni hiyo."

Opiyo alichomoa ya kwanza, injini ikazidi kuyumba, akairudisha. Ya pili vilevile. Alipochomoa ya tatu, mlio haukubadilika hata kidogo. Kwenye kofia ya waya huo kulikuwa na maji, tena yenye povu la sabuni.

Nabalayo akamgeukia wifi yake. "Uliosha mpaka ndani?"

"Sasa mtu ataosha sebule aache jikoni?" akajibu Nakhungu.

Walicheka wote, Opiyo akapangusa, gari likashika mwendo. Simiyu akajisifu kwamba ametibu mgonjwa bila kumgusa.

Majigambo hayo yaliishia Ahero. Mvuke ulitoka chini ya boneti, wakasimama kando ya barabara. Opiyo alifungua boneti na kupeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Simiyu hakungoja ruhusa. Aliruka nje na suti yake.

"Wacha hiyo, itakuchoma."

Kiapo kikaisha hapo. Alikagua mipira ya maji, akaikuta mizima. Mkanda wa feni ulikaza vizuri. Chini hapakuwa na tone lililovuja. Nyuma yao lilikuwa limesimama lori lililobeba majirani wa Kisumu kwenda harusini, wale wale wa kucheka, nao wameanza kuchungulia. Kama ahadi aliyompa Nelima ni ya kuvunjika, hapa ndipo.

Mwishowe akapenyeza mkono katikati ya maua, akagusa kitambaa. Ilikuwa leso, imekunjwa na kufungwa ikaziba rejeta yote, isipate upepo wa kuipoza.

"Nilifunga hiyo kwanza," Nakhungu akasema kwa sauti ndogo, "miiba ya maua isikwaruze rangi ya gari lako."

Simiyu alimtazama dada yake, akashindwa kukasirika. Gari lilikuwa limezibwa pumzi kwa mapenzi. Akaikata leso, wakangoja injini ipoe, wakaongeza maji polepole, na maua yote akamrundikia Nelima mapajani.

Walifika Awasi wamechelewa, honi ikilia, na majirani ndio waliokuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Mlangoni mwa kanisa Nabalayo akaona mikono ya mumewe, nyeusi tii.

"Usimshike mtoto, utachafua glavu. Tembea tu kando yake."

Simiyu akaificha mikono nyuma, na furaha ikamtoka usoni. Nelima akamwona. Akavua glavu zake nyeupe, akampa mama yake, akauvuta mkono wa baba yake.

"Mama, hii mkono ndio imenileta," akasema.

Wakaingia hivyo, wameshikana mikono. Na Ogola alipomvisha pete, iliteleza kwenye kidole chenye grisi ya baba bila kusukumwa.