Detekta ya Mjomba na Maji ya Jipe

Ipo siku naikumbuka kuliko hata ile niliyopewa cheti, mwanangu: siku niliyoizamisha detekta ya mjomba katika Ziwa Jipe.

Mjomba wangu Mwakio alikuwa fundi wa redio hapa Voi. Mashine hiyo ya kusaka chuma aliitumia kutafuta mabomba ya maji yaliyofukiwa. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya umeme shule ya jioni, na kichwa kilikuwa kimevimba hadi kofia zote za Voi zilikataa kuniingia.

Basi Mama Wakesho, jirani yetu aliyerudi kwao kando ya Jipe baada ya kufiwa na mumewe, akapiga simu akilia. Alikuwa akikata matete, maji ya mapajani, pete yake ya ndoa ikamchomoka kidoleni. Mahali alipajua, akachomeka kijiti hapo. Ila mvua zilikuwa zimebakiza wiki moja hivi, na mvua zikija Mto Lumi huleta tope likafunika kila kitu.

Mjomba alinikabidhi mashine kwa sharti. "Sahani ya chini haina shida, hiyo ilitengenezwa kuingia majini. Kisanduku cha juu ndicho chenye roho yake. Kizibe, halafu kijaribu kwenye beseni la maji kabla hujaondoka. Umesikia, mpwa?"

"Nimesikia, mjomba."

Kusikia nilisikia. Asubuhi nikapaka silikoni, ile gundi ya kuzibia, kwenye mshono wa kifuniko, juu ya skrubu, na pale waya unapoingilia, kwa ukarimu kama siagi ya harusini. Kwenye chupa paliandikwa ngoja siku nzima. Maelekezo niliyasoma yote, maana kusoma nilijua. Kutii ndiko sikufundishwa. Jua la Voi, mwanangu, linaweza kukausha samaki akiwa bado anaogelea! Nikakianika kisanduku juu ya mabati. Baada ya muda nikagusa, kidole kikatoka kisafi. Nikasema, imekauka hii. Beseni nikaliona ni la watu wasio na cheti.

Nikafika Jipe saa nane mchana huo huo, kisanduku kimefungwa juani kwenye keria ya gari, kina moto kama kikaango cha chapati. Mama Wakesho alikuwa ufukweni na kaka yake aliyeshika panga.

"Wewe tafuta," kaka akaniambia, "mimi namwangalia mwenye nyumba." Alimaanisha mamba.

Nikaingia nikiinama, kisanduku kikazama pamoja na mkono wangu. Karibu na kijiti mashine ikalia mara moja, kali. Mama Wakesho akapiga kigelegele. Kisha ikakoroma kama mtu anayesukutua koo, ikanyamaza.

"Imelala?" akauliza.

"Imezima, mama."

Akaingia majini, akapapasa kando ya kijiti, mkono ukatoka na tope tupu.

Niliporudi Voi na mjomba akakifungua kisanduku, maji yalimwagika mezani. Akakuna silikoni kwa ukucha. Chini ya ngozi ilikuwa laini kama uji. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia.

"Umekausha ngozi, nyama ikabaki mbichi. Silikoni hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, haikaangwi. Tena kitu cha moto ukakitia maji baridi! Hewa ya ndani ikanywea, ikafyonza maji kama mtoto anyonyavyo."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Mimi niliuziba, lakini juu juu.

Tukaosha sakiti kwa spiriti, tukabadilisha vilivyoungua, tukaziba upya. Safari hii kivulini, kitambaa kibichi kando yake, siku mbili. Kisha kisanduku kitupu, karatasi ya chooni ndani, beseni, jiwe juu yake, nusu saa. Karatasi ikatoka kavu. Kazi ndogo hivyo, mwanangu, hata kuku angeiweza.

Lakini tuliporudi Jipe siku ya tisa, Lumi ulikuwa umeshuka mwekundu. Kijiti hakikuonekana. Tulitafuta siku mbili, tukapata mfuniko wa sufuria na jembe. Pete hatukuiona tena.

Nikamweleza Mama Wakesho kila kitu, jua, mabati na beseni nililoliruka. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniambia bado hujaijaribu, ningengoja," akasema. "Nilikuwa na wiki nzima, mwanangu. Wewe ndiye hukuwa nayo."

Basi nawe, mwanangu, ukikabidhiwa kazi yenye roho ya mtu ndani yake, usiipime kwa kidole. Soma maelekezo, halafu yafuate. Jaribu kwenye beseni lako kabla ya ziwa la mwenzako, na kama bado hujajaribu, sema wazi. Aibu ya kusema ni ya dakika moja. Mjomba alinisamehe na mashine ikapona, lakini aliyelipia haraka yangu ni mjane.

Mola akujalie mkono hodari na moyo unaoweza kungoja, na kila cha mtu kinachopita kwako kimfikie mwenyewe kikiwa kizima.