Hindi la Tisa

Juzi, kwenye darasa la kompyuta hapa Korogwe, niliandika programu yangu ya kwanza ya kugawanya. Unaipa namba mbili, nayo inakuambia fungu la kila mmoja na kinachobaki. Niliipa tisa kwa nne. Ikajibu: mbili, baki moja. Papo hapo nikasikia harufu ya mahindi ya kuchemsha.

Nilikuwa mdogo, nyumbani kwa bibi Handeni, na mvua zilikuwa zimegoma. Mchana ule bibi aliepua sufuria, mvuke na moshi wa kuni vikajaa jikoni, akatugawia wajukuu wanne, mawili mawili. Hindi la tisa alilifunika, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nimetoka kujifunza kugawanya shuleni, nikaona ile baki ni hesabu iliyoachwa njiani.

"Bibi, hujamaliza," nilisema. "Hilo nalo linagawanyika."

Nikachukua kisu, nikalikata vipande vinne sawasawa. Wenzangu wakashangilia. Bibi alinitazama kidogo, kisha akacheka.

"Haya, mwalimu wangu. Umeniweza."

Akanywa kikombe cha maji, akajifunga kanga kiunoni, akashika jembe na kurudi shambani. Sisi tuliendelea kutafuna, nami nikijisifu kwamba sufuria ilikuwa tupu.

Mkufunzi ameipitia programu yangu, anasema haina kosa. Lakini mimi bado naitazama ile nne niliyoiandika bila kusita. Siku ile tulikuwa watano.